Ua Letu Linangoja Neno la Shangazi

Talita,

Alfajiri ya leo umeniambia Penisimani, mpiga picha wa Nuku'alofa, anataka ruhusa ya kuliweka lile ua ulilochora kwenye tableti nyuma ya maharusi anaowapiga picha. ~~Mkatalie.~~ Subiri. Ua umelitoa kwenye nguo ya magome tuliyoigonga mimi na wenzangu, na mwenye neno ni shangazi yako, maana kwetu Tonga dada wa baba ndiye mkuu wa wote. Nakwenda kwake, miguu yenyewe inacheza. Miaka yote nguo hutandikwa chini na watu wamelikalia ua letu, leo linaombwa lisimame na maharusi.

Magimbi yafunike. Penisimani alikuja ukiwa unaoga: "Bibi, nangoja jibu." Nikamwambia, "Kula kwanza, baba, jibu halikimbii." Kamaliza sahani tatu. Akizinduka kabla sijarudi na ndiyo ya shangazi, mpe ya nne. Sasa anakoroma mkekani.

Bibi yako