Salamu za Mlangoni Darasa la Awali

Kijijini, nje kidogo ya Nduguti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje baada ya mvua hizi? Na Baba, bado anabishana na redio? Mimi mzima, ila miguu inauma, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwenye simu mtandao wa huku hukatika kabla sijamaliza kukuamkia.

Nimepewa darasa la awali. Siku ya kwanza watoto waliyaona madevu yangu wakalia wote kwa pamoja. Wengi Kiswahili bado kigeni kwao, nyumbani ni Kinyiramba tu. Basi nikabandika picha tatu mlangoni: mkono, ngumi, na mtu anayecheza ngoma. Kila asubuhi mtoto anagusa picha moja, tunasalimiana hivyo, anaingia. Nilitegemea watachagua mkono. Mama, walichagua ngoma. Unajua mwanao anavyocheza. Harusini kwa Dada wewe mwenyewe uliniomba nikae chini. Sasa nacheza na darasa zima kila asubuhi, na mshahara napokea.

Aliyebaki ni Leah. Alisimama nje, kidole mdomoni, hagusi picha wala haingii. Mwalimu Mkuu, mama mmoja asiyependa mzaha, akaniambia hali ikiendelea hivyo mtoto atarudi nyumbani mpaka mwakani. Roho iliniuma. Nikamwendea bibi yake anayemlea.

"Mwalimu," akasema, "huyu huongea na mbuzi. Sisi wengine tunangoja zamu."

Kesho yake nikachuchumaa mbele ya Leah, nikalia kama mbuzi.

Akatoa kidole mdomoni, akanitazama kwa huruma. "Huyo kondoo."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza shuleni. Nikajaribu tena. Akatikisa kichwa, akalia mwenyewe ili nisikie, wenzake wakadakia, darasa likawa zizi. Mwalimu Mkuu akaja mbio.

"Nani kaingiza mbuzi darasani?"

"Shikamoo," Leah akasema. "Ni Mwalimu. Ila bado hajaweza."

Mkuu akageuka upesi kurudi ofisini, mabega yakimtikisika. Habari ya mwakani sijaisikia tena. Mlangoni sasa kuna picha ya mbuzi, kaichora Leah mwenyewe. Ina miguu mitano; sikuuliza.

Juzi kikao cha walimu kilinichelewesha. Nikakuta watoto wamepanga foleni, Leah kasimama mahali pangu anawapokea mmoja mmoja. Nikataka kupita, akanizuia kwa mkono.

"Mwalimu, foleni."

Nikaenda nyuma kabisa, nikangoja zamu yangu.

Nisalimie Baba, Dada na shemeji. Shangazi anayenitafutia mchumba mwambie avute subira, huku nimebanwa na kazi. Mdogo wangu Saidi naye akazane na masomo. Mungu akulinde, Mama.

Mwanao,
Rashidi