Nilificha Vipimo vya Pap Onditi

Mpendwa Mama Selpha,

Naomba unisome hadi mwisho kabla hujanichukia. Nina miaka thelathini na minne, nafanya kazi hapa Kisumu kwenye ofisi ya kampuni ya kigeni inayouza mitambo ya simu za mkononi, hizi ambazo watu wenye pesa wameanza kutembea nazo, na mwaka jana mimi mwenyewe nilimwombea rafiki yangu Saumu kazi kwa mkubwa wetu, Bwana Masinde, maana tulisoma pamoja, nikamwonyesha kila kitu mpaka mahali pa kunywa chai, na haikupita miezi sita akawa yeye ndiye anaitwa mikutanoni na mimi nabaki kupiga taipu yale aliyosema.

Kilichoniuma zaidi ni mpango wake. Kampuni tatu tunapigania mteja mmoja, shirika linalotaka kuanzisha mtandao wa simu huku kwetu, na wenzetu wote wanataka kuanza na milingoti mikubwa mjini, lakini Saumu alisimama akasema, "Tuanze sokoni, mahali mtu wa samaki na mtu wa mahindi wanatafutana kutwa nzima. Na tuwauzie mtambo wenye nafasi ndani. Leo ubebe sauti tu, miaka ijayo wachomeke kadi nyingine mtamboni, ubebe habari za kompyuta kwa kasi, bila kung'oa kitu." Bwana Masinde akagonga meza: "Huyu ndiye kichwa cha ofisi hii!" Mama, miaka saba nimekaa hapo na hajawahi kuniambia hata kwamba nimeandika vizuri. Nikaanza kuchukia mpaka mwandiko wa Saumu, mpaka vile anavyocheka na mlinzi.

Mwezi huu alizunguka siku tisa na gari la ofisi akipima mawimbi ya simu kwenye masoko ya Otonglo, Maseno na Pap Onditi, akaniletea karatasi nizipige taipu, nami nikatoa zile nne za Pap Onditi, nikazitia mkobani, na kwenye ripoti nikaandika "haijapimwa". Sikupanga, mkono ulienda wenyewe. Siku ya mkutano mteja akauliza mbona Pap Onditi haina kitu, na ndiko walikotaka kuanza. Saumu akasema, "Nilipima, Bwana. Nilikuwa huko siku mbili, nikanyeshewa huko." Bwana Masinde akamkatiza, "Karatasi iko wapi? Mimi nataka kuona karatasi." Saumu akanigeukia. Mimi nikatazama dirisha.

Sasa ameambiwa mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, na mpango wake nimepewa mimi niupeleke kwa wakubwa Nairobi, na nusu yake siielewi. Juzi alikuja kwangu akilia, akiniita dada kwa Kijaluo, "Nyaminwa, karatasi sijui nilizidondosha wapi, wote wananiona mwongo, nimebaki na wewe tu." Nikamshika bega. Na hata hapo, Mama, nilimwonea wivu, kwa sababu mimi sina mtu ninayeweza kumlilia hivyo.

Nifanye nini Saumu arudishwe bila mimi kufukuzwa?

Mwenye Aibu, Kisumu, 1999


Mwenye Aibu,

Majina yote nimebadilisha, la sivyo ofisi nzima ingekujua kabla ya chai ya saa nne. Na jibu hili nimelituma kwako kwa posta kwanza, maana mwisho wa mwezi hausubiri gazeti.

Unasema mkono ulienda wenyewe. Wacha hiyo. Mkono hauwezi kuandika "haijapimwa" bila kichwa kuuambia. Kupitwa na mtu uliyemwingiza mwenyewe kunauma, nakubali, na huyo Bwana Masinde amekukosea kukaa miaka saba bila kukuona. Lakini Saumu hakukunyima sifa. Wewe ndiwe umemnyima jina lake.

Unaniuliza njia ya kumrudisha bila wewe kuguswa. Haipo, mama. Usiitafute.

Nenda kwa Saumu mchana, akiwa peke yake. Mpe karatasi zote nne, umwambie ulichofanya kwa sentensi moja, bila "lakini". Usilie, maana ukilia itabidi akubembeleze. Usimwombe msamaha siku hiyo pia. Huo ni mzigo mwingine unaomtwika. Kisha nendeni wote kwa Bwana Masinde, useme mbele ya wale wote waliokuwa mkutanoni, na uombe mteja aandikiwe barua kwamba vipimo vipo na ni vya Saumu. Safari ya Nairobi ikatae. Huwezi kusimama na mpango usiouelewa, na huo si wako.

Wivu hautaisha kwa sababu umekiri. Utaendelea kuuma, labda zaidi, siku utakapomwona akipongezwa. Vumilia maumivu hayo. Ukifukuzwa, unajua taipu na una miaka thelathini na minne. Utatafuta kazi kama watu wengine.

Na Saumu akikufungia mlango, usigonge mara ya pili. Kesho yake, saa mbili asubuhi, ingia kwa Bwana Masinde peke yako na karatasi hizo.

Mama Selpha