Simu Niliirudisha, Moshi Ukabaki

S.L.P. 47,
Geita.
5 Desemba 1999

Mpendwa wifi yangu Serafina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Marselino na baba yake, na kwamba goti lako limekuacha umalize muhula bila kukusumbua ubaoni. Sisi huku tunapumua. Ningeandika kwamba hatujambo sote, kama tulivyofundishwa shuleni, lakini wewe ni mwalimu, kosa utaliona.

Mvua imeshika tangu katikati ya Novemba. Maduara mengi ya kuchimbia dhahabu yamejaa maji, na wachimbaji wamekaa vibarazani wanabishana kama dunia itakwisha ukiingia mwaka elfu mbili. Nimewaambia ikiisha itanipunguzia kuteka maji.

Mama yupo Ushirombo, ana nguvu zake. Mwezi uliopita alitutumia karanga na jogoo mmoja mkorofi, na maneno kwamba wewe huandiki. Nilikutetea. Nikasema walimu wanaandika kutwa, wakifika nyumbani vidole vimegoma. Sasa usiniangushe, mwandikie.

Barua hii nimeianza mara tatu, wifi. Nimechoka, ndiyo sababu. Sijachoka kazi, kazi nimeizoea. Nimechoka hii ya kuamka nikiangalia watu wangu mmoja mmoja kama wanatetemeka.

Nianzie kwenye gazeti lako. Mwezi wa Machi ulitutumia kile kipande ulichokipigia mistari kwa kalamu nyekundu, kwamba wataalamu wa Ulaya wanachunguza kama simu za mkononi zinaweza kuleta maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, kusahau, na hata uvimbe kwenye ubongo. Pembeni uliandika, "Mwangalieni Donatus." Nilimwangalia mdogo wako, na karibu kila kilichoandikwa pale nikakuta anacho.

Unajua kazi yake. Ni broka, ananunua dhahabu kwa wachimbaji na kumpelekea mzee Ramniklal, Mwanza. Mzee ndiye aliyempa ile simu mwaka juzi, ili ajue bei ya siku kabla hajanunua. Hapa mjini haishiki, kwa hiyo alikuwa akipanda mlimani asubuhi na jioni, anasimama juu ya jiwe moja tu linaloshika mnara wa Mwanza. Ukishuka hatua mbili inakata. Alikuwa akipiga kelele kule juu mpaka mbuzi wa watu wanakimbia, na akirudi sikio lina joto, nimeligusa mwenyewe.

Basi kichwa kikawa kinamuuma kila siku. Usingizi ukamkimbia. Donatus, ambaye hata ng'ombe hajawahi kumtukana, akamzaba mwanetu Theonest kibao kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Siku moja aliacha baiskeli sokoni, akarudi kwa miguu, akaniuliza mimi nimeiweka wapi. Fizi zikawa zinatoka damu. Chai akawa anasema ina ladha ya shaba, nami nikabadilisha sufuria. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Fizi na chai hazikuwemo kwenye gazeti lako, lakini nilisema gazeti haliwezi kuandika yote.

Nikatangaza vita na simu. Akilala naichukua, naiviringisha kwenye khanga, naizika kwenye debe la mahindi. Jirani yangu Hosiana, yule Mchaga anayeuza vitenge, akaongeza yake: kasikia mionzi inakausha uzazi. Habari ikazunguka, na wenye simu wote hapa mjini, ambao hawafiki watano, wakaacha kuzichomeka kiunoni. Tulicheka sana. Kumbe wa kuchekwa nilikuwa mimi.

Mwezi wa Agosti niliichukua nikavuka nayo kivuko cha Busisi, nikaiweka mezani kwa mzee Ramniklal mimi mwenyewe. Mzee alishangaa. Akaniambia, "Mama Theonest, mimi naongea nayo kutwa nzima, mbona kichwa changu kipo?" Nikamjibu hicho ni chake, na hiki cha Donatus ni changu na watoto. Nilirudi nyumbani nikiimba, wifi. Nilijiona nimemwokoa mume.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Bila simu, Donatus hakujua bei. Dhahabu iliyokwisha kuchomwa akawa anaogopa kuinunua, kwa sababu anayeiuza anaijua thamani yake kuliko yeye. Akaanza kuchukua madonge mabichi, yanayouzwa rahisi. Wachimbaji wanachanganya mchanga wao na zebaki, wanakamua kwa kitambaa, linabaki donge jeupe. Ukilichoma, zebaki inapaa na dhahabu inabaki. Zamani alikuwa anachoma kidogo tu, kurudia ile ambayo haikuiva sawasawa. Kuanzia Agosti akawa anachoma kila siku. Mchimbaji mmoja, Chacha, na wenzake walikuwa wanaleta mpaka mlangoni.

Alichomea jikoni kwangu, kwenye jiko langu la mkaa, ndani ya upawa wangu wa chuma, mlango na dirisha vimefungwa. Wenyeji wa machimbo wanaamini dhahabu ina wivu, ikitazamwa na macho mengi inapungua. Donatus haamini hayo, ila alifunga vilevile. Wanaoona dhahabu yako leo, kesho wanakuja na mapanga. Nami nilikuwa palepale, nasonga ugali.

Moshi wa kuni unawasha macho. Huu hauwashi wala haunuki, na niliuona ni moshi mwema. Mdogo wake Theonest, Sikujua wetu, ambaye sasa ana miaka minne, alipenda kuona lile jeupe likigeuka njano. Alikuwa akiinama juu ya jiko na kupiga makofi. Na nani alikuwa akimwita aje kutazama, ili atulie nimalize kupika? Mimi, mama yake. Hili nimemwambia padre, sasa nakuambia wewe, na bado halijapungua uzito.

Oktoba Donatus alishindwa kushika kikombe. Nikamburuta hadi hospitali ya misheni, naye ananung'unika njia nzima kwamba simu si nimeshaichukua, nataka nini tena. Mtoto, Sikujua, nilikuwa nimembeba mgongoni. Mbele ya daktari nilitoa gazeti lako kwenye mkoba, nikamsomea mistari yote myekundu. Kijana wa watu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ya simu sijui, mama," akasema. "Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Huyu bwana anafanya kazi gani?"

Nikamweleza.

"Mnachomea wapi?"

"Jikoni."

"Na chakula mnapikia wapi?"

Nikaanza kulikunja gazeti. Akaweka kalamu chini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu nilikuwa nakikokea mkaa.

Alimwambia Donatus anyooshe mikono, akaitazama inavyocheza. Akamtazama fizi, akaniuliza kuhusu chai kabla sijaitaja. Halafu akamgeukia Sikujua. Akampa penseli na karatasi, akamwambia, "Chora barabara ya kwenda kwa bibi." Sikujua alichora, akamwonyesha kwa furaha. Wifi, ile barabara ilikuwa imejaa vikona vidogo vidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Daktari aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye faili.

Dawa aliyotupa ni ya kupunguza maumivu. Dawa yenyewe hasa, alisema, ni kuuacha ule moshi, na mwili utaisukuma zebaki taratibu. Kwa mtoto inaweza kwisha kabisa, asipozidi kuivuta. Kwa Donatus hakuahidi. Na akasema kitu ambacho ndicho kimeninyima amani mpaka leo: ile zebaki haikuondoka yote. Imeshika kwenye masizi ya dari, kwenye udongo wa kuta, kwenye magunia, na kila nikiwasha moto inaamka tena.

Donatus ameniahidi mara tatu kuacha. Mara ya kwanza alihamia nyuma ya choo, akachomea huko siku nne. Mvua ikanyesha, nikamkuta tena jikoni. Mara ya pili alisema babu yenu alikausha samaki kwa moshi miaka arobaini na alikufa na meno yake yote. Mara ya tatu alilia. Sikumgombeza. Anajua kuchoma tu, na watu wanamjua kwa kuchoma. Nilimwambia nitapanda tena kivuko, nitampigia magoti mzee Ramniklal aturudishie ile simu, ili anunue iliyoiva kama zamani. Alinitazama kama mtu aliyesikia utani kwenye msiba.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi, na hapa ndipo ombi langu lilipo. Jiko lote tutalibomoa, na udongo wake tutauzika mbali na kisima. Mvua hii haituruhusu kujenga jingine kabla ya mwezi wa pili, na nyumba yetu unaijua, jiko na chumba cha watoto vinagawana ukuta. Sitaki wanangu walale humo hata usiku mmoja zaidi ya inavyolazimu. Nakuomba uwapokee, Mama Marselino. Theonest asome hapo shuleni kwako kuanzia Januari, yuko darasa la nne, hesabu anaweza, mwandiko usiutazame. Na Sikujua akae nawe mpaka mikono yake itulie.

Mimi nitabaki. Usiniambie nije nao. Nikiondoka, atachoma. Na nani atamfunga vifungo vya shati?

Treni ni Jumapili tarehe 19 kutoka Mwanza. Hosiana anakwenda kwao Krismasi na atapitia Dar, atawakabidhi kwako stesheni Jumanne asubuhi. Najua barua ya kunijibu haitawahi. Kama huwezi, tafuta simu umpigie mzee Ramniklal, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Yeye bado anaongea nayo kutwa. Ukinyamaza, nitajua umekubali.

Karatasi za uhamisho za Theonest ziko tayari, zimeshonwa ndani ya koti lake. Usishtuke ukizifungua. Juzi tulikwenda wote kwa mwalimu mkuu, na baba ilibidi aweke sahihi. Donatus alijaribu fomu ya kwanza, ikachafuka. Ya pili akaitoboa kwa kalamu. Mwalimu mkuu alikuwa mpole, akamsogezea kile kidau cha wino wanachowapa wazee wasiosoma. Mdogo wako huyu, wifi, uliyemfundisha wewe mwenyewe kuandika kwenye vumbi la ua wa Mama, alitazama kile kidau muda mrefu. Halafu akaweka dole gumba.

Wala usijilaumu kwa lile gazeti. Uliona moshi kwa mbali ukapiga kelele, ndivyo dada anavyotakiwa. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Huenda siku moja wataalamu watasema simu nayo ina lake, sijui. Ila ukisikia mtu wa huku kwetu anatetemeka, muulize kwanza anapikia wapi.

Msalimie sana shemeji, na Marselino mwambie avumilie kugawana kitanda, Theonest halali kwa fujo siku hizi. Mama wa Ushirombo anakubariki, na amesema akija mwezi wa sita atakuletea mchele. Donatus anakusalimu. Ametaka niandike kwamba anakuomba radhi, nikamuuliza ya nini, akasema wewe utajua.

Neno la mwisho kuhusu Sikujua, maana hatakuambia, anaona haya. Ukimpa chai usikijaze kikombe. Mpe nusu, akimaliza mwongeze. Na akimwaga, futa tu, usimtazame.

Mungu akuzidishie baraka kwa mikono itakayowapokea.

Mimi wifi yako ninayekupenda na kukutegemea,

Paskalia