Usije Mangobo, Yaya

Kwa kaka yangu, Yaya Ramazani, huko Opala,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa yule mzee wa boti ya mchele, imekunjwa ndogo na inanuka samaki wa moshi. Unasema mikono yako haitetemeki tena. Unasema unalala, unakula, na Mama Mkubwa Mwajuma anakusifu kwa shamba la mpunga ulilofyeka. Halafu unasema unakuja. Papa ameagiza uje kuomba msamaha kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, na wewe umekubali kama mtoto mwema. Jibu langu ni fupi, Yaya: usije. Ukipanda boti hiyo, mimi nitakuwa bandarini nikurudishe kabla hujatia mguu nchi kavu. Najua wewe ni mbishi. Basi jua pia kwamba nimekuzidi.

Kwanza nikukumbushe ulikuwa nani, maana hapa nyumbani wamesahau haraka. Ulikuwa mpiga ngoma bora kuliko wote mtaani kwetu Mangobo. Ulinikalisha mapajani nilipokuwa mdogo, ukashika viganja vyangu na kuviweka kwenye ngozi ya ngoma, ukaniambia, "Sikia na mikono, Zaina, masikio iko na uongo." Mama alikuwa akipiga kelele jikoni kwamba sombe, majani yake ya muhogo, inaungua kwa sababu yetu. Tulicheka mpaka tukakohoa, na sombe iliungua kweli.

Halafu ikaja animation. Wewe unaijua kuliko mimi: mtaa mzima kutolewa nje kuimba na kucheza kwa ajili ya wakubwa, vitenge vya aina moja, nyimbo zile zile za sifa. Mimi nilicheza mstari wa nyuma, wewe ulikaa mbele na ngoma yako. Mgeni kutoka Kinshasa alisemekana atafika asubuhi, akafika jua likizama, na siku nyingine hakufika kabisa. Lakini ngoma haikuruhusiwa kunyamaza. Ndipo mwenzako mmoja wa kikundi alipokupa vile vidonge vyeupe vya kufukuza usingizi. Siku hiyo ulirudi macho yanawaka. "Zaina, leo mikono hapana kuchoka hata kidogo!" Nilikuonea fahari.

Sitaki kuandika yote yaliyofuata. Ulikonda. Ulisaga meno ukiwa umekaa, ulizungumza mfululizo bila kungoja jibu, ukaanza kumshuku hata Mama. Mwisho ulianguka kando ya ngoma yako mbele ya watu wote. Kesho yake mtu mwingine alikuwa amekalia kiti chako, na kiongozi wa kikundi alipokutana na Papa njiani alimsalimia tu kwa habari za mvua. Hasira ya siku hiyo ninayo mpaka leo, na siitaki iniishe.

Mama Mkubwa akakuchukua Opala, ukapona. Ukarudi kwa harusi ya binamu yetu Mariamu. Unakumbuka? Ulishuka na begi la mchele kichwani, mnene, mcheshi. Ulikaa uani na sahani yako, na mimi nilikuwa mbele yako. Ndipo kikundi cha animation kikaanza mazoezi ya ngoma pale uwanjani, nyuma ya ukuta wetu. Niliona vidole vyako vikianza kupiga ukingo wa sahani. Ulikuwa unanizungumzia mto Lomami huku vidole vinapiga, na sidhani ulijua. Jasho lilikutoka. Uliweka sahani chini, ukasema unakwenda kumsalimu mtu, na hatukukuona tena mpaka Mama alipokuokota katika hali ile ile ya zamani.

Hapo ndipo Tonton Salumu, kwa kuwa ni mdogo wa Papa na anapenda kusemea ukoo mzima, alitoa hukumu yake. "Huyu mutoto hana haya. Alishapona, vidonge vilishatoka mu mwili. Donc alichagua yeye mwenyewe." Papa akainuka, akaapa mbele ya watu wa harusi. Radhi yake hutaipata mpaka itolewe hapa, katika lupango, ua wa nyumba hii. Wewe ukarudishwa Opala ukilia. Mimi nilikataa kula wali wa harusi ile, na Mariamu hajanisamehe.

Alichagua! Neno hilo nilitembea nalo mpaka mwaka wangu wa mwisho hapa chuoni, nilipopewa kazi ya kusaidia chumba cha panya.

Ni panya wadogo weupe, Yaya, wana macho mekundu na wanapenda kujificha. Profesa wetu ana sanduku lenye vyumba viwili na mlango mdogo katikati. Chumba kimoja cheusi, kingine cheupe chenye mwanga. Panya akiachwa huru hukimbilia cheusi, kila mtu anajua panya na giza. Sasa unamchoma dawa ya jamii ya vidonge vyako, amfetamini, na unamfungia katika chumba cheupe. Unafanya hivyo siku kadhaa. Halafu unaacha. Dawa inatoka mwilini yote. Unamfungulia mlango achague, na yeye anaacha giza lake alilozaliwa akilipenda, anakwenda kukaa katika ule mwanga unaomtisha, ananusa pembe na kungoja. Mule hamna kitu.

Nilipomwona wa kwanza akifanya vile, niliona vidole vyako kwenye sahani. Ilinibidi nitoke nje.

Nilimwuliza profesa kwa nini. Ni mtu mpole, akanijibu kwa upole kwamba hapa kwetu hatugundui kitu, tunarudia waliyoona wengine ili mikono yetu izoee kazi. Aliniambia ubongo unajenga, na matofali yake ni protini. Raha kubwa ikipita mahali, seli za ubongo zinatengeneza protini na kujenga njia ya kurudia pale pale: chumba kile, sauti ile, harufu ile. Kidonge kinaondoka kesho yake, lakini kilichojengwa kinabaki. Panya aliyezuiwa kutengeneza protini mpya wakati wa kufundishwa hakikumbuki chumba cheupe vizuri kama wenzake. Na mwisho wa kazi tunatoa ubongo wa panya, mdogo kama punje ya haragwe, tunausaga ili kutafuta hizo protini. Kazi hiyo siipendi. Naifanya kwa sababu yako.

Panya si mtu, najua, usinicheke. Profesa mwenyewe alinionya nisiyabebe mambo ya sandukuni na kuyatupa juu ya kaka yangu mzima mzima. Nilimsikia. Lakini nilikuwa nimekwisha kuyabeba. Wanaosema ulichagua, waje wamhukumu na panya wangu.

Nikamleta Papa chuoni. Ndiyo, Papa wetu, mwenye miguu mibovu, na kanzu yake ya Ijumaa na fimbo. Njia nzima alinung'unika kwamba nimekataa kuolewa ili nilee panya. Nilimweka kwenye kiti mbele ya sanduku, nikafungua mlango mdogo. Panya alisimama katikati, akatazama giza, akaenda kwenye mwanga.

Papa alisogeza kiti. "Panya hapendi fasi ya mwanga," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Iko natafuta nini mule?"

"Alipewa dawa mule. Zamani. Leo hamna kitu."

"Na yeye hajue kama hamna kitu?"

"Anaona kabisa. Kichwa yake ndiyo iko namurudisha."

Alimtazama panya anavyonusa pembe. Kisha akaniuliza kama kuna dawa ya kubomoa hizo protini. Nikamwambia bado, Papa, tulicho nacho ni muda na umbali. Akauliza Opala ni mbali kiasi gani, kana kwamba hajui, yeye aliyekusindikiza mwenyewe mpaka bandarini. Halafu akaomba nimrudishe nyumbani.

Nilidhani nimeshinda. Nilijidanganya. Jumapili iliyofuata Tonton Salumu aliita kikao cha ukoo uani, kwa ajili ya kupanga mapokezi yako: utashuka lini, utapiga magoti wapi, nani atasoma dua. Nyuma ya ukuta mazoezi yalikuwa yakiendelea, na ngoma zilisikika mpaka kwenye vikombe vya chai. Wazee wote walikuwa wakiinua sauti ili wasikizane, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ngoma zile zitakufanya nini ukiwa umepiga magoti pale.

Nikasimama. Msichana, katikati ya wazee. Mama alinivuta kitenge, nikakiacha kivutike. "Yaya hatakuja," nilisema. "Nimemukataza mimi."

Tonton aliweka kikombe chini. "Wewe ni nani wa kumukataza?"

"Ni mimi ntabaki naye kama ngoma imemurudisha kule. Nyinyi mutakuwa mumeshakula wali na kwenda."

"Alors Papa yako ni muongo? Aliapa bure?"

Hilo ndilo lilikuwa neno gumu, Yaya. Unamjua Papa. Neno lake akishalitoa mbele ya watu, afadhali avunjike mguu kuliko kulivunja. Na sisi tunajua mtu bila radhi ya mzazi anaishi vipi: kila mvua mbaya, kila homa, atajisemea ni ile. Nilijua ninakunyang'anya kitu ambacho sina uwezo wa kukulipa. Lakini sikukaa. Nilisema tena kwamba hutakuja, na kama radhi ni lazima inunuliwe kwa vidonge, basi tutaishi bila radhi, wewe na mimi wote wawili.

Papa aliinuka kwa fimbo yake. Nilidhani atanipiga, na sikurudi nyuma. Alikuja mpaka mbele yangu akaniambia nipige magoti. Nikapiga magoti, kwa sababu ni Papa. Akamwuliza Tonton kwa sauti ya kushinda ngoma, "Niliapa nini siku ya harusi?"

"Kama radhi itatoka hapa, mu hii lupango."

"Bon. Niko hapa?"

"Uko hapa."

Papa aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu. Kilikuwa kizito na cha moto. Akasema jina lako, Yaya, si langu. Akasema, "Ramazani mutoto yangu, niko radhi na wewe, na Mungu akuwe radhi na wewe." Mama alianza kulia kwa sauti. Kisha Papa aliniinamia na kuniambia peke yangu, "Mupelekee. Na umwambie akae kule."

Tonton alisema haijawahi kuonekana radhi ya mtu kuwekwa kwenye kichwa cha mwingine. Papa akamjibu kwamba leo imeonekana, na akaomba chai nyingine.

Kwa hiyo usije. Mimi ndiye nitakayekuja, na boti inayofuata, kuteremka na mto mpaka Isangi na kupanda Lomami mpaka kwenu. Ngoma yako siileti. Wote wananishauri nikuletee, nimewakatalia wote. Ukitaka ngoma siku moja, utachonga mpya huko, ya mti wa huko, na itapigwa kwa nyimbo ambazo Mangobo haijazisikia.

Nimefunga kitambaa kichwani tangu siku ile, na sijamruhusu mtu anisuke wala kunigusa nywele. Wenzangu chuoni wananicheka, na wacheke. Utakaponiona nikishuka, usinisalimie kwanza, usiniulize habari za nyumbani, usipokee hata mzigo. Nitafungua kitambaa. Njoo uweke mkono wako hapa, pale ulipokuwa mkono wa Papa, uchukue kilicho chako.

Mdogo wako asiyekubali,
Zaina