Maswali Yenye Neno Usiku

Jumatatu, 11 Machi 2019
Hojaji ya mwisho ya usingizi wa manesi nimeiingiza kwenye kompyuta. 186! Macho yanawaka. Vipengele saba, kila kimoja sifuri hadi tatu. Sifuri ni usingizi mzuri. Jumla ikizidi tano, hulali vizuri. Nimejipima mwenyewe — kumi na moja. Nikacheka peke yangu.
Profesa Karadzhov, msimamizi wangu, kachungulia mlangoni. Hospitali inasubiri: zamu ya usiku ibaki ya saa kumi na mbili, au ipunguzwe iwe ya saa nane? Kasema nibonyeze tu, mashine haichoki.

Jumanne, 12 Machi
Nimebonyeza. Manesi wa mchana, wastani 7.1. Wa usiku — 4.3! Eti wanalala vizuri kuliko wote. Nimerudia mara tatu, namba zilezile. Profesa kafurahi mpaka kaninunulia banitsa ya moto, ule mkate wa jibini. Saa sita keshamtumia mkurugenzi wa hospitali imeili. Hata sijameza.
Sina raha. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 14 Machi
Asubuhi, kituoni, nimemkuta Rumyana wa wodi ya mahututi, ametoka zamu. Ndiye aliyenisambazia hojaji kwa wenzake. Nikamwambia majibu — mjinga mimi! Akanitazama kama nimemtusi.
"Nalala vizuri? Juzi nimesinzia wima, sindano mkononi! Mwenzangu Milka asingenishika kiwiko, ningemchoma nani sijui. Hiyo mashine yako ije ilale kwangu siku moja."
Halafu, akipanda basi: "Na maswali yako, mwanangu! 'Usiku unalala saa ngapi?' Usiku niko kazini. Kila penye usiku tuliruka."
Hakuniaga.
Nimekimbia ofisini bila hata kuvua koti. Manesi wa usiku 61. Hamsini na wanane wameacha wazi: saa ya kulala, muda wa kupata usingizi, saa walizolala. Na amri niliyoiandikia programu kwa mkono wangu huu — jumlisha vilivyopo, ruka visivyopo. Kuruka ni sawa na kuweka sifuri. Na sifuri ni usingizi mzuri! Mtu asiyelala nimemhesabu kalala fofofo.
Mungu wangu.

Ijumaa, 15 Machi
Waliojaza kila kitu ni watatu tu. 12, 14, 15.
Nimemwambia Profesa. Kafunga mlango. Kafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Mkurugenzi keshawatangazia wakuu wa wodi kwamba zamu haipunguzwi, anasema. Jumatatu ni mkutano. Watu watatu si matokeo. Tutaweka maelezo chini ya jedwali, herufi ndogo.
"Nani atayasoma, Profesa?"
"Umebakiza miezi minne umalize uzamivu, Velichka. Usijiharibie." Sauti haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya woga. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumapili, 17 Machi
Jana na leo nimesimama kwenye lango la hospitali, saa mbili asubuhi, na karatasi mpya. Nimefuta "usiku", nimeandika "ukitoka zamu". Ruhusa sina. Rumyana kawaburuta wenzake mmoja mmoja: "Jaza! Usiruke hata moja!" Mmoja kajazia juu ya boneti ya gari, kalamu ikamponyoka mara mbili.
Karatasi arobaini na tatu. Safari hii nimeiambia programu: penye pengo, simama, usijumlishe. Wastani 12.6.
Nimempelekea Profesa wastani huo kwa imeili. Hajajibu. Supu nimeiunguza. Mama kapiga simu, nimemwambia nina mafua.

Jumatatu, 18 Machi
Ukumbi wa hospitali. Mapumziko ya dakika kumi, naandika dirishani.
Profesa kaonyesha jedwali la zamani. Lilelile! Akaanza: manesi wa usiku wamezoea, wanalala vizuri — akakwama. Safu ya nyuma, Rumyana na wenzake wanne, na sare zao, walikuwa wamelala. Midomo wazi. Mmoja anakoroma. Mkurugenzi akageuka kuwatazama. Ukumbi mzima ukageuka. Hakuna aliyecheka. Profesa akaomba maji, kisha akaomba mapumziko.
Sasa hivi kaja hapa nilipo. Kanyoosha mkono. "Nipe hizo karatasi za juzi na jana."
Nikamuuliza za nini.
Mkono bado kaunyoosha. Sijui anataka kuzisoma au kuzificha. Wanatuita ndani. Nimemwambia asubiri nimalize mstari huu —