Udongo Utaharibu Sakafu

Jumatano, Julai

Sakafu. Ndiyo sababu niliyompa, na hata kuiandika naona haya.

Wasanii wetu wawili wamefika leo kukaa mwezi mzima katika nyumba hii ya zamani ya mzungu wa kahawa, ambayo sasa naisimamia mimi. Bwana Athumani, mchoraji kutoka Chapwa, kaingia mlango wa mbele, nikampa chumba kinachotazama bustani. Mama Tusekile, mfinyanzi wa Ibaba, kaja kwa mlango wa jikoni, udongo wake kaufunga kwenye khanga. Akapiga goti kunisalimia. Ni rika la marehemu mama. Mimi ndiye niliyepaswa kupiga goti, lakini Athumani alikuwa anatazama, nikasimama tu kama mwenye shamba.

"Mama, wewe utalala chumba cha uani," nikamwambia. "Udongo utaharibu sakafu ya mbao."

Na rangi za Athumani je? Sikujiuliza.

Jioni nikampelekea blanketi. Nilimkuta anapapasa ukuta.

"Nakijua chumba hiki," akasema, bila kinyongo. "Tulilala humu wasichana sita, msimu wa kuchuma kahawa. Mama yako alilala pale mlangoni. Umefanana naye sana. Alikuwa akisema, nikizaa mtoto, huyo atapita mlango wa mbele."

Nikamtandikia blanketi. Sikumwambia ahamie ndani.

Nimepita mlango wa mbele, mama yangu. Nilipokwisha kupita, nikaurudishia mlango.