Kabeji za Shemeji

Jumapili

Ouma, mume wa dada yangu, leo nusura aniulie farasi wangu, Malkia.

Tangu nyasi kavu ipande bei, amekuwa akisema lazima tupunguze gharama ya kumlisha. Sikujua anamaanisha kumpa gunia la kabeji zilizotupwa Soko la Toi. Saa nne asubuhi nilimkuta Malkia amelala zizini hapa Kabiro, tumbo limefura, anajigaragaza kwa maumivu. Daktari wa wanyama akaniambia kwa simu nimwinue, nimtembeze, asile chochote. Nilimzungusha uwanjani hadi saa tisa, watoto waliokuja kupanda farasi nikawarudisha kwao. Mwishowe akajamba, akanya. Sijawahi kufurahia mavi hivyo.

Ouma akatokea na soda mkononi. "Si amepona, shem? Na tumeokoa nyasi ya wiki nzima."

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa jiwe.

Dada anasema nimsamehe, eti alikuwa na nia nzuri. Labda. Lakini hata kumwangalia siwezi.

Nimenunua kufuli mpya ya zizi. Ufunguo ni mmoja, ninao mimi. Dada akitaka kulia, alie.